Pikapu Haiwaki Asubuhi: Usikimbilie Kununua Betri

Juni ikishaingia Songea, swali linalonifikia ni moja kwa sura nyingi: "Hilux yangu asubuhi haiwaki, ninunue betri gani?" Wengine huuliza wakiwa wameshanunua, na gari bado limelala uani. Jibu langu la kwanza huwaudhi: usinunue kitu kwanza. Kwenye pikapu kuukuu, betri na stata hulaumiwa sana, kumbe tatizo mara nyingi limekaa katikati yake: kibanio kilicholegea, waya wa ethi ulioliwa na kutu, au vipande viwili vya shaba ndani ya stata vilivyokwisha. Ni vitu vya bei ndogo, lakini bila kuvipima utabadilisha vile vya bei kubwa kimoja baada ya kingine.

Haya ninayoandika yanawahusu wenye pikapu za dizeli za zamani za volti 12: Hilux zenye injini ya 2L, 3L au 5L, na wenzao wa Isuzu na Nissan. Mwenye gari la petroli atafaidika na sehemu zote za betri na stata. Mwenye Land Cruiser ya volti 24 asome pia, ila aangalie sana sehemu ya kubusti.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Mwite mtu akae kwenye usukani, wewe fungua boneti. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa. Azungushe ufunguo, nawe usikilize.

- Kimya, hata taa za dashibodi hazipo. Umeme hautoki kwenye betri: kibanio, fyuzi kubwa, au betri imekufa kabisa.
- Kimya, lakini taa za dashibodi zinawaka vizuri. Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Angalia swichi, relei na waya mwembamba wa stata.
- "Tak" moja nzito, basi. Stata imepokea amri lakini umeme mkubwa haupiti. Hapa ndipo Toyota nyingi za zamani zinapokwamia.
- "Tak-tak-tak-tak" za haraka, taa zinafifia. Betri imeishiwa, au imeshikwa vibaya.
- Inazunguka kivivu, kama inabembelezwa. Betri dhaifu, ethi mbaya, au kaboni za stata zimekwisha.
- Inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Stata na betri ni nzima, ziache. Nenda kwenye hita na pampu ya dizeli.
- Stata inalia "wiii" na injini haizunguki. Bendeksi haishiki meno ya flaiwili. Stata lazima ishuke.

Ukimpelekea fundi mojawapo ya sauti hizi badala ya kumwambia "gari limegoma", umeshamwokolea nusu ya kazi. Kwa hiyo usilipe bei ya kutafuta tatizo. Lipa ya kutengeneza.

"Lakini taa zinawaka vizuri, betri ni nzima!"

Pingamizi hili nalisikia kuliko yote, kwa hiyo tulimalize. Taa moja ya mbele ni wati 55 au 60, yaani inakula ampea 5 hivi. Stata ya dizeli ya aina hii huwa ya kilowati 2 au zaidi. Gawanya wati 2,000 kwa volti 12: ni zaidi ya ampea 160, na pale inapoanza kusukuma injini ya baridi hupanda juu ya hapo.

Sasa chukua kibanio chenye kutu kidogo, chenye ukinzani wa asilimia moja tu ya omu. Kwa ampea 5 za taa, kinakula volti 0.05, na jicho haliwezi kuona tofauti. Kwa ampea 200 za stata, kibanio hicho hicho kinakula volti 2 nzima. Taa zitang'aa na stata itakosa nguvu, vyote kwa wakati mmoja, na betri haina hatia.

Tumia taa kwa namna nyingine: ziwashe, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Zikizimika au kufifia sana, umeme unaombwa na hautoshi. Zisipobadilika hata chembe, stata haijaomba kitu.

Anza na vichwa vya betri

Huhitaji fundi hapa. Unahitaji spana (nyingi ni namba 10, baadhi 12 au 13), msasa, maji ya moto na kitambaa.

1. Shika kila kibanio kwa mkono ukizungushe. Kikicheza hata kidogo, umepata mtuhumiwa wa kwanza.
2. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche usizozitaka.
3. Ule unga mweupe au wa kijani umwagie maji ya moto. Usiupulize, usiushike halafu ukafikicha macho. Ni mabaki ya asidi.
4. Piga msasa kichwa cha betri na ndani ya kibanio mpaka vyote ving'ae. Watu wengi husafisha nje, panapoonekana, wakaacha ndani panapopita umeme.
5. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza. Paka grisi kidogo juu, baada ya kukaza.

Nimeona kibanio kilichojazwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kingine kimepigiliwa msumari ili kibane. Kibanio cha namna hiyo ni cha kukata na kufunga kipya siku hiyo hiyo. Kibanio kikipata joto baada ya kujaribu kuwasha mara mbili tatu, usijiulize tena: hapo ndipo volti zako zinapopotelea.

Sasa pima

Multimita ya kawaida inatosha, na ndiyo kifaa cha kwanza ningemshauri mwenye pikapu kuukuu akinunue kabla hajanunua redio. Weka kwenye volti za DC, ncha nyekundu kichwa chanya, nyeusi kichwa hasi. Pima asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha. Ukipima mara tu baada ya safari, namba itakudanganya kwa kuwa juu.

- 12.6 au zaidi: imejaa
- 12.4: robo tatu hivi
- 12.2: nusu
- 12.0 kushuka: karibu tupu

Kisha kipimo chenye maana zaidi: acha ncha palepale, mwenzako awashe. Stata ikizunguka, namba isishuke chini ya 10 kwa urahisi. Betri yenye 12.6 iliyotulia, kisha ikaanguka mpaka 7 au 8 pale stata inapoamka, imechoka ndani hata kama uliichaji usiku mzima. Lakini ikibaki 12 na stata inasuasua au inalia "tak" tu, betri ina umeme ila umeme haufiki. Rudisha pesa mfukoni.

Betri yako ikiwa ya vifuniko vya kufungua, tazama maji. Mabati yakionekana, ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled). Usiongeze asidi, hata kama muuza duka anakuambia "itaipa nguvu". Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi hubaki humo.

Mtu ataniuliza kwa nini basi betri hufa Juni, hapa mjini na zaidi huko Mbinga kwenye milima ya Umatengo. Betri huuawa na joto la Oktoba na Novemba, mazishi yake ndiyo huwa Juni. Joto huila ndani taratibu, baridi huja kuifichua tu, maana asubuhi ya baridi oili ni nzito, injini inataka nguvu zaidi na betri inatoa pungufu.

Ethi: waya usioangaliwa

Umeme unaokwenda kwenye stata lazima urudi, na hurudi kupitia bodi ya injini na waya wa hasi. Pikapu iliyokwisha kushushwa injini mara mbili tatu mara nyingi imerudishiwa ethi kwa boliti moja juu ya rangi na grisi. Barabara za vumbi na matope ya masika humalizia kazi.

Kipimo chake ni kizuri kuliko macho. Ncha moja ya multimita iguse kichwa chenyewe cha hasi, si kibanio. Ncha ya pili iguse bodi ya stata, penye chuma kitupu. Mwenzako awashe.

- Chini ya volti 0.3: ethi ni nzuri.
- Volti 1 au zaidi: ethi ni mbaya. Fungua pande zote mbili, kwangua mpaka chuma kitupu, funga upya.

Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kichwa chanya, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata. Isizidi nusu volti wakati wa kuwasha.

Kama huna multimita, chukua waya wa kubusti. Funga upande mmoja kichwa hasi, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda. Stata ikiamka ghafla, kosa ni ethi. Wako wenye kuongeza waya wa pili wa ethi moja kwa moja toka hasi hadi kwenye boliti ya stata. Kwa gari la umri huu naunga mkono kabisa.

"Tak" moja: shaba zilizoliwa

Betri imepimwa, vibanio vinang'aa, ethi ni nzuri, bado ni "tak". Wakati mwingine ukirudia mara sita, ya saba inazunguka kana kwamba hakukuwa na tatizo. Tabia hii ya kuwaka kwa kubahatisha ina jina lake: shaba za stata zimekwisha.

Ndani ya stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi kuna kisahani cha shaba kilichoko kwenye mti wa solenoidi. Ukizungusha ufunguo, mti unavutwa (hiyo ndiyo "tak" unayoisikia) na kisahani kinabanwa kwenye vipande viwili vya shaba, kimoja kinatoka kwenye betri, kingine kinakwenda kwenye mota. Kila kuwasha huunguza shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja kinakuwa na shimo linaloonekana wazi, chembamba upande mmoja kuliko mwingine, na kisahani hakigusi tena pande zote mbili sawasawa. "Tak" inasikika, umeme haupiti.

Kuzibadilisha si kazi kubwa:

- Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa stata. Boliti ile kubwa ina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.
- Shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma ya solenoidi (boliti tatu ndogo), chomoa mti na springi yake.
- Badilisha shaba zote mbili, na uangalie kisahani. Kikiwa na mikwaruzo mirefu kibadilishe pia.
- Kaza nati kwa kiasi. Ukizidisha, plastiki inapasuka na shaba inazunguka.
- Maadamu stata iko mezani, tazama kaboni. Zikiwa fupi, badilisha sasa hivi.

Shaba huuzwa peke yake. Ukiambiwa "stata imekufa, nunua nyingine", omba stata ifunguliwe mbele yako kwanza. Stata ya mtumba unayouziwa inaweza kuwa na shaba zilizochoka kuliko zako.

Nyundo? Kugongagonga stata huifanya iwake, ni kweli, hasa kaboni zikiwa zimekwama. Ni njia ya kufika nyumbani tu. Gonga kidogo kwa mpini wa spana, na siku hiyo hiyo ipeleke ikafunguliwe.

Kimya chenye taa: amri haifiki

Kwenye stata kuna waya mnene na waya mwembamba. Ule mwembamba ndio unaobeba amri ya ufunguo. Tafuta plagi yake, itikise, ichomoe, tazama kama imeota kutu ya kijani. Kisha pima ufunguo ukiwa umezungushwa: panatakiwa zaidi ya volti 10 hapo.

Hakuna kitu? Rudi nyuma: relei ya stata (kama gari lako linayo), fyuzi, kisha swichi ya ufunguo. Swichi iliyobeba rundo zito la funguo kwa miaka huchoka. Ukiuchezesha ufunguo kidogo gari linaitika, umeipata. Kwenye gari la gia za otomatiki, jaribu kuwasha ikiwa N badala ya P. Likiwaka, kosa ni swichi ya gia.

Umeme upo kwenye waya mwembamba na stata iko kimya? Basi kosa ni la stata yenyewe.

Kuhusu kuunganisha stata kwa bisibisi chini ya boneti: mafundi hufanya kila siku, na kila siku ni hatari ile ile. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele likiwa na wewe mbele yake. Sikushauri.

Inazunguka vizuri, haishiki

Mambo mawili ya umeme huzuia dizeli ya zamani isishike.

*Hita.* Taa ya hita ikiwaka kwenye dashibodi, subiri izimike ndipo uwashe. Asubuhi ya baridi rudia mara mbili. Ikiwaka kwa shida huku ikitoa moshi mweupe mzito na kutetema, hita moja au mbili zimekufa. Fungua bati linaloziunganisha, funga tesita ya taa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila hita. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekufa. Usizipe umeme wa betri moja kwa moja kabla ya kusoma volti iliyoandikwa kwenye hita, kwa sababu kuna Toyota za dizeli zenye hita za chini ya volti 12, nazo huungua papo hapo.

*Solenoidi ya pampu.* Juu ya pampu ya dizeli kuna solenoidi ndogo yenye waya mmoja, inayofungua njia ya mafuta. Ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kabla ya stata, chomoa waya huo na uurudishe: usikie "tik". Husikii? Pima kama umeme unafika. Bila "tik" hiyo hata mkisukuma mpaka Ruhuwiko gari haliwaki.

Vyote vikiwa sawa, basi ni hewa kwenye mafuta au filta imeziba, na hilo si la umeme.

Kubusti na kusukuma

Kabla ya kuazima umeme, hesabu betri za mwenzako. Mbili zinaweza kuwa volti 12 zilizoungwa sambamba au volti 24 zilizoungwa mfululizo. Lori nyingi na baadhi ya Land Cruiser ni 24. Ukilifunga gari la 12 kwenye 24 unaweza kuunguza balbu, redio na altaneta, au kulipua betri.

1. Nyekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima.
2. Nyeusi: hasi ya betri nzima, kisha chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche ya mwisho isitokee juu ya betri, maana betri hutoa gesi inayolipuka. Sigara pia ikae mbali.
3. Gari zima liungurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaribu.
4. Toa kwa kurudi nyuma.

Waya mwembamba wa kubusti wenye mipira minene ya kupendeza hautawasha dizeli. Mnunue mmoja mnene kwa kuchanga na majirani.

Kusukuma kunafaa kwa gia za mkono tu: gia ya pili, klachi imekanyagwa, mwendo ukipatikana achia. Wanaoegesha mteremkoni wajue kuwa injini ikiwa imezimika breki zinakuwa ngumu na usukani mzito. Asikae mtoto kwenye usukani, na asisimame mtu mbele.

Makosa ninayoyakuta kila wiki

- Kuchomoa betri injini ikiunguruma "kupima altaneta". Volti zinaruka na kuua altaneta iliyokuwa nzima. Pima kwa multimita: gari likiunguruma, betri isome 13.8 hadi 14.4.
- Kuziba fyuzi kwa waya. Fyuzi iliungua kwa sababu. Sasa utaunguza mtandao mzima wa nyaya.
- Kubana stata nusu dakika bila kupumzika. Sekunde 10, kisha pumzika dakika moja.
- Kuilinda betri isiguse sementi ukidhani sakafu "inanyonya chaji". Betri za leo zina ganda la plastiki. Inakufa kwa kukaa bila kuchajiwa, popote ilipo.

Betri mpya, na bado inakufa

Kwanza tazama unavyoendesha. Msimu wa mahindi, magari hupanga foleni kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA): unawasha, unasogea hatua kumi, unazima, redio inaendelea. Kila kuwasha kunakula, na altaneta haipati muda wa kurudisha. Safari fupi za mjini, kama Lizaboni hadi sokoni usiku, taa zimewashwa, ni hivyo hivyo. Mara moja kwa wiki lipe gari mwendo mrefu, au ichaji betri kwa chaja.

Pili, feni belti. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikizama sana au ikipiga kelele ukiwasha taa, altaneta haizunguki sawasawa.

Tatu, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Hamishia multimita kwenye ampea 10, waya mwekundu kwenye tundu la 10A. Fungua kibanio cha hasi, weka multimita kati ya kibanio na kichwa cha betri. Usiwashe gari multimita ikiwa hapo, utaiunguza. Kwa pikapu ya zamani isiyo na kompyuta, isome chini ya ampea 0.05. Ikisoma 0.3 au 0.5, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi ni redio iliyofungwa na kijana wa mtaani, kengele ya wizi, au taa ya ndani. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, tenganisha waya mnene wa altaneta, betri ikiwa imefunguliwa, uufunge kwa utepe usiguse bodi, kisha pima tena. Ikishuka hapo, diodi za altaneta zinavuja, na hiyo mpelekee fundi umeme ukimwambia ulichopima.